Kama 2 imezaa 4, 6, 8 na shufwa zote, kwa nini inaitwa namba TASA?

#1 BabaWawili
Wakuu, salama?
Jana jioni nimeumbuliwa na binti yangu wa darasa la sita. Nimekaa zangu nasubiri taarifa ya habari, akaja na daftari: "Baba, nisaidie vigawo tasa vya 84." Nikajitutumua, nikachora mstari wa kusimama kama tulivyofundishwa zamani. Kushoto 2, kulia 84. Tena 2, ikabaki 42, kisha 21. Nikaingia na 3, ikabaki 7. Saba kwa saba, 1, kazi imekwisha. 2 × 2 × 3 × 7. Nikamrudishia daftari kwa madaha kabisa.
Akasema asante, lakini hakuondoka. "Baba, tasa si yule asiyezaa?" Nikasema ndiyo. "Sasa hizi 2, 2, 3 na 7 si ndizo zimezaa 84? Mbona zinaitwa tasa?"
Nikamwambia kamuulize mwalimu. Leo karudi, ameambiwa ndivyo kitabu kinavyosema. Na kaongeza la pili: kwa nini 1 haimo, wakati nayo haipasuki?
Naomba msaada. Anatoka tuisheni saa kumi na mbili.

#2 Nyumbu_Mstaarabu
Nakaa mkao wa kula. Hesabu nilipata F, ila uzi kama huu siuachi.

#3 BintiPangani
Mkuu, kuzaa kwa namba ni kugawanyika. Chukua 12, ipasue: inatoka 3 na 4, au 2 na 6. Ina watoto tumboni. Chukua 7, ipasue unavyojua, hupati kitu kizima zaidi ya 1 na 7 yenyewe. Tumbo tupu, tasa hiyo. Binti yako ametazama upande wa kuzidisha, na jina limetolewa upande wa kugawanya.

#4 Mzee_wa_Kete
Bibie wa #3 umejitahidi ila ukoo umeupindua miguu juu. 12 haikuzaa 3 na 4. 3 na 4 ndizo zilizokutana, 12 ikapatikana. Sasa 7 wazazi wake nani? Hana. Asiye na wazazi Kiswahili kinamwita yatima. Zingeitwa NAMBA YATIMA mtoto wa watu asingekosa usingizi.

#5 Nyumbu_Mstaarabu
Mtoto 12, wazazi 3 na 4? Mtoto mkubwa kuliko wazazi? Mzee leo umeanza mapema.

#6 Mzee_wa_Kete
Kwenu hakuna? Wangu wananizidi kimo na mshahara.

#7 Kasuku_wa_Mvita
Assalam aleikum. Huku Mombasa hesabu tulisomeshwa kwa Kiingereza, hilo neno tasa nimelijulia ukubwani. Shufwa na witiri ndizo tulizokuwa nazo tangu chuoni, maana zimo katika Suratul Fajr aya ya 3, na kila anayeswali witri anajua kwa nini inaitwa hivyo. Ama hizi za leo, Waarabu huziita za awali, na Wagiriki kabla yao waliziita za kwanza. Hamna habari ya uzazi humo wala ugumba. Ni namba zilizotangulia, nyingine zikajengwa juu yake kama nyumba juu ya mawe. Aliyeleta "tasa" alitunga lake.

#8 Ticha_wa_Mkoani
Nafundisha hesabu shule ya msingi, huu mwaka wa kumi na moja. Kabla ya jina, kuna ugonjwa unaoua alama kuliko yote: kigawo na kigawe. Kigawo kinaingia ndani ya namba bila kubakiza. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, vimeisha hapo. Kigawe kinatoka nje: 12, 24, 36, haviishi mpaka kesho. Ndiyo maana kuna Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS). Herufi moja tu, na mtoto anaandika kinyume, anakosa swali zima.
Kuhusu tasa, mimi siwasimulii uzazi. Nawatoa nje. Mwaka juzi darasa langu lilikuwa na watoto 53. Nikawaambia jipangeni mistari iliyo sawa. Wakajaribu miwili, akabaki mmoja. Mitatu, wakabaki wawili. Mitano, watatu. Saba, wanne wamesimama pembeni wananitazama. Mwisho wakajipanga mstari mmoja kutoka mlingoti wa bendera hadi vyooni. Wiki iliyofuata alihamia mtoto mpya tukawa 54, mara moja mistari 6 ya watoto 9.
Namba inayokataa kukaa mistatili, ikakubali mstari mmoja tu, hiyo ndiyo. Hata Mgiriki wa kale Thymaridas aliziita namba za mstari mnyoofu. Nikisema hivyo, hakuna anayeniuliza habari za kuzaa.

#9 Dogo_Kidato2
Ticha mbona uliishia mistari 7? Pengine 8 au 9 ingekubali.

#10 Ticha_wa_Mkoani
Swali zuri. Mistari 8 ingekubali, kila mstari ungekuwa na watoto wangapi? Sita na kitu. Maana yake ungeweza kuigeuza ikawa mistari 6, na 6 ilishakataa pale miwili ilipokataa. Vigawo vinakuja wawiliwawili, mdogo na mkubwa, na mdogo hawezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba. Kipeuo cha pili cha 53 ni 7 na ushee. Ukivuka 7 unarudia kazi iliyokwisha fanywa.

#11 Fundi_Tailizi
Nimesoma #8 nikacheka. Mimi darasa la saba sikuimaliza vizuri lakini hiyo KKS ndiyo inanilisha. Chumba cha sentimita 420 kwa 360. 420 ni 2×2×3×5×7. 360 ni 2×2×2×3×3×5. Chukua zinazopatikana kote kuwili: 2×2×3×5, inakuja 60. Tailizi za 60 kwa 60 zinaingia bila kukata hata moja. Upande mmoja saba, upande mwingine sita, jumla 42. Mteja anadhani nina kipaji.

#12 BabaWawili
Fundi nitakutafuta, nina sebule inangoja. Ila wakuu, la 1 hamjaligusa.

#13 JamaaWaTuisheni
La 1 ni rahisi. Tasa lazima iwe na vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe. 1 ina kigawo kimoja. Imetoka. Tusipoteze muda.

#14 BintiPangani
Hapo umejibu kama mwalimu wa mtoto wa #1. "Lazima iwe na viwili" kwa sababu gani? Nani kasema viwili na si "visizidi viwili"?

#15 Mhasibu_Mstaafu
Bibie ana haki. Sababu iko hivi. 84 ya mleta uzi, ukiivunja wewe, nikiivunja mimi, akiivunja mtu aliyeko Muscat, wote tutafika 2 × 2 × 3 × 7. Aanze na 7 au aanze na 2, mwisho ni uleule. Hiyo ndiyo nguzo ya hesabu zote za namba nzima: kila namba kubwa kuliko 1 ina njia moja tu ya kuvunjwa kuwa tasa, ukiacha mpangilio. Sasa iingize 1. Utaandika 1×2×2×3×7, mwenzako 1×1×2×2×3×7, wa tatu atajaza ukurasa, na wote wako sahihi. Mwalimu atasahihisha nini?
Kwa hiyo 1 imetolewa ili nyumba isianguke. Lakini msidhani ilikuwa hivyo tangu Adam. Mwanahesabu Goldbach alipomwandikia barua mwenzake Euler mwaka 1742, alikuwa akiihesabu 1 miongoni mwa tasa. Na mwaka 1914 Mmarekani D. N. Lehmer alitoa orodha ya tasa hadi 10,006,721, na ya kwanza kabisa mle ni 1. Ni makubaliano, na makubaliano yalibadilika.

#16 JamaaWaTuisheni
Makubaliano? Hesabu siyo kikao cha harusi mzee wangu.

#17 Mhasibu_Mstaafu
Ukweli haupigiwi kura. Majina yanapigiwa. 1 haikubadilika hata kidogo, sisi ndio tuliobadili tunachokiita.

#18 Dogo_Kidato2
Mimi nina njia ya mkato ya kujua tasa. Ikiwa ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake ukijumlisha haigawanyiki kwa 3, basi ni tasa. Nimejaribu 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47. Zote zimekubali.

#19 Ticha_wa_Mkoani
Ungepiga hatua moja tu zaidi. 49.

#20 Mzee_wa_Kete
Na 77. Na 91, mama wa aibu zote. 91 ina sura ya tasa, mwendo wa tasa, lakini ni 7 × 13. Nimeona watu wazima wakibishana nayo hadi chai ikapoa.

#21 Ticha_wa_Mkoani
Dogo, usikate tamaa, fanya chekeche. Andika 1 hadi 100, futa 1. Zungushia 2, futa vigawe vyake vyote. Zungushia 3, futa vyake. Kisha 5, kisha 7. Baada ya 7 acha kalamu, zilizobaki zote ni tasa, nazo ni 25. Chekeche hilo ni la Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene, ambayo leo iko Libya, akafanya kazi Aleksandria huko Misri. Huyohuyo ndiye aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kivuli cha jua. Mwambie binti wa #1 kwamba kazi hii ilifanyika bara la Afrika.

#22 Mwana_Kivu
Jambo zenu bandugu. Kama ni habari ya Afrika, musisahau ya kwetu. Ishango, pembeni ya Ziwa Edward, huku Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata mfupa mdogo una alama za kuchanja. Umri wake unakadiriwa miaka kama 20,000. Una safu tatu. Safu moja ina vikundi vya alama 11, 13, 17, 19. Angalieni vizuri: hizo ni tasa ZOTE zilizo kati ya 10 na 20. Hakuna iliyokosekana, hakuna iliyozidi. Babu zetu walijua.

#23 Nyumbu_Mstaarabu
Aisee. Hapa nimeacha kucheka.

#24 Mhasibu_Mstaafu
Mwana Kivu, karibu. Mfupa ni wa kweli na hesabu yako ni sahihi, ila tusikimbilie. Safu ya pili ina 11, 21, 19, 9, na 21 na 9 si tasa. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7, unaona kama mtu anaongeza maradufu: 3 ikawa 6, 4 ikawa 8. Jumla za safu ni 60, 60 na 48. Mtafiti Alexander Marshack alisema ni kalenda ya mwezi mwandamo. Wengine wanasema alama zilikuwa za kushikia tu, mkono usiteleze. Kujua tasa kunataka kwanza ujue kugawanya, na hilo mfupa hautuambii.

#25 Mwana_Kivu
Nakubali kuna mabishano. Lakini ingekuwa mfupa umeokotwa Ulaya, mungesema "kalenda" haraka hivi? Na uko Brussels, kwa jumba la makumbusho. Sisi wenyewe tunaona kwa picha tu.

#26 BintiPangani
Kwenye hilo la Brussels nipo na wewe. Kwenye tasa nipo katikati.

#27 Konda_Msomi
Turudi Afrika Mashariki nimewaletea kitu. Nimekaa kwenye foleni nikavunja zile namba za nchi za kupigia simu.
Kenya 254: 2 × 127
Tanzania 255: 3 × 5 × 17
Uganda 256: 2 mara nane, hakuna kingine
Rwanda 250: 2 × 5 × 5 × 5
Kongo 243: 3 mara tano
Burundi 257: TASA
Sudan Kusini 211: TASA
Komoro 269: TASA
Na miaka: Azimio la Arusha 1967, mwaka tasa. Mwalimu Nyerere kafariki 1999, mwaka tasa.

#28 Kasuku_wa_Mvita
Oman 968 nimeifanya: 2×2×2×11×11. Kazi nzuri konda.

#29 Mhasibu_Mstaafu
1999 sawa. 1967 umeteleza, ni 7 × 281. Umeacha 7 kama Dogo wa #18.

#30 Konda_Msomi
Duh. Ni kweli. Abiria alikuwa ananidai chenji.

#31 Ticha_wa_Mkoani
Nami nimechokozeka. Uhuru wa Tanganyika 1961 = 37 × 53. Ona 53 ya darasa langu! Kenya 1963 = 13 × 151. Uganda, Rwanda na Burundi 1962 = 2 × 3 × 3 × 109. Muungano 1964 = 2 × 2 × 491. Kati ya hao hakuna aliyepata uhuru mwaka tasa.

#32 Mzee_wa_Kete
Ndiyo maana tumegawanyika.

#33 Nyumbu_Mstaarabu
Mzee!!

#34 Mhasibu_Mstaafu
Kwa kuwa mna nguvu, nawaachia mtihani. 8051. Tasa au si tasa? Bila kikokotoo, bila kuuliza simu. Kalamu na karatasi.

#35 Dogo_Kidato2
Nimejaribu 3, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47. Zote zinabakiza. TASA.

#36 Ticha_wa_Mkoani
Rudi #10. Kipeuo cha pili cha 8051 ni 89 na ushee. Una safari bado.

#37 Mtaalamu_wa_Nyaya
Nimechelewa. Wakati mnahangaika na 8051, mjue hangaiko lenu ndilo linalolinda pesa zenu mtandaoni. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitengeneza mfumo unaoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Chukua tasa mbili kubwa mno, zidisha. Jibu litangaze kwa dunia nzima, hilo ni kufuli. Tasa mbili zenyewe ficha, hizo ni ufunguo. Kuzidisha ni sekunde. Kurudi nyuma, kutoka kwenye jibu hadi kwenye tasa mbili, hapo ndipo mashine zinapopiga magoti. Kufuli za kawaida za sasa zina tarakimu 617.
Mwaka huohuo 1977 walitoa namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100. Ilivunjwa 1994, kwa watu wa kujitolea kama 600 na kompyuta kama 1,600 kupitia intaneti. Ya tarakimu 250 ilikuja kuvunjwa mwaka 2020.

#38 Konda_Msomi
Nimesikia mtu akipata tasa mpya benki zinamlipa mamilioni. Kweli?

#39 Mtaalamu_wa_Nyaya
Chai hiyo. Tasa haziishi, Mgiriki wa kale Euclid alishalithibitisha jambo hilo yapata miaka 2,300 iliyopita, na benki haihitaji kubwa kuliko zote, inahitaji ambazo mwingine hazijui. Zawadi zilizopo ni za wapenzi wa hesabu. Taasisi ya EFF ya Marekani imeweka dola 150,000 kwa tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni 100. Kubwa inayojulikana hivi sasa, ya Oktoba 2024, ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 136,279,841 kisha ukatoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Bado safari.

#40 JamaaWaTuisheni
Uthibitisho wa Euclid ni mtamu na mfupi. Chukua tasa zote, zidisha, ongeza 1, unapata tasa mpya. Umemaliza.

#41 Mhasibu_Mstaafu
Unarudia kosa la wengi. Haikupi tasa mpya moja kwa moja. 2×3×5×7×11×13 ni 30,030. Ongeza 1: 30,031. Hiyo si tasa, ni 59 × 509. Alichosema Euclid ni kwamba jibu hilo haligawanyiki kwa tasa yoyote uliyoanza nayo, kwa hiyo lina kigawo tasa ambacho hukuwa nacho mkononi. Hapa ni 59 na 509. Orodha yako haikutosha, na haitatosha kamwe.

#42 JamaaWaTuisheni
Nimekubali. Leo umenipa mbili.

#43 BintiPangani
Halafu kuna kituko. 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31: tasa mbili zinazoachana kwa 2 zinaitwa pacha. Kiswahili chetu sasa kina TASA PACHA. Mleta uzi, kamweleze binti yako hiyo.

#44 BabaWawili
Bibie nihurumie. Nimemsomea hadi #21, akasema "kwa hiyo hawajui." Sasa nimpe tasa mwenye mapacha?

#45 Mtaalamu_wa_Nyaya
Na mapacha hao hakuna aliyethibitisha kama haziishi. Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri ambaye karibu hakuna aliyekuwa anamjua, alithibitisha kwamba kuna jozi za tasa zisizo na mwisho zinazoachana kwa chini ya milioni 70. Watu wakaingia kazini, mwaka uliofuata pengo likashuka hadi 246. Kutoka 246 hadi 2 ndipo dunia imekwama.

#46 Mzee_wa_Kete
Mnaniona mimi nacheza bao tu, sivyo? Bao lina mashimo 32 na kete 64. Zivunje zote mbili: ni 2, 2, 2 mpaka mwisho. Hakuna tasa nyingine iliyoingia. Nasema tena, 2 haiwezi kuitwa tasa, ni mama wa bao.

#47 BintiPangani
Mzee, mama hazai peke yake. 2 bila mwenzake haizai kitu. Kwa hiyo peke yake ni tasa.

#48 Mzee_wa_Kete
4 ni 2 kwa 2. Mwenzake ni yeye mwenyewe.

#49 Kasuku_wa_Mvita
Naona mnaelekea pabaya. Za awali, nimewaambia. Za awali.

#50 Dada_wa_Moro
Napita kwa uchungu. Mimi shule ya msingi nilikuwa namba moja kwa tasa, KDS, KKS, nazipiga kama nakunywa maji. Nikafika kidato cha kwanza, mwalimu akaandika ubaoni kwa Kiingereza, anasema praimu, praimu. Muhula mzima nilidhani ni somo jipya. Siku moja rafiki yangu akaninong'oneza "si ndiyo tasa ile." Nililia. Nyie bishaneni kama ni tasa, yatima au awali, lakini mimi jina ndilo lililoniangusha.

#51 Ticha_wa_Mkoani
Dada pole. Wapo wengi. Mimi sasa darasa la saba nawatajia majina yote mawili kabla hawajaondoka.

#52 Dogo_Kidato2
8051: 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79. Hakuna. Imebaki 83 na 89 lakini mama amezima taa. Nasema TASA.

#53 Mhasibu_Mstaafu
Usiseme hadi ufike. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alipanda jukwaani kwenye mkutano wa wanahesabu. Hakutamka neno. Ubaoni akaandika 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Akaenda upande wa pili wa ubao akazidisha kwa mkono 193,707,721 × 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kukaa, ukumbi mzima ukampigia makofi. Baadaye alisema ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Wewe umebakiza mbili.

#54 Fundi_Tailizi
Samahanini, nilikuwa saiti. Hiyo 8051 nimeifanya wakati wa chakula, sijagawanya hata mara moja. Niambieni kama nimekosea.
Nimejiuliza, nikipewa tailizi 8051 nitandaze chumba cha mraba, kitakuwa cha ngapi? 90 kwa 90 ni 8100. Zimepungua 49. Na 49 ni 7 kwa 7. Kwa hiyo nina sakafu ya mraba 90 kwa 90, kwenye kona moja kuna pengo la 7 kwa 7, kama pale panapopita bomba. Nikakata ule ukanda wa pembeni mwa pengo, upana 7, urefu 83, nikauhamishia upande wa pili. Sakafu imekaa sawa, haina pengo tena: 83 kwa 97.
Kwa hiyo si tasa.

#55 Dogo_Kidato2
Taa imewaka. 83 × 97 = 8051. Fundi kaniwahi.

#56 Mhasibu_Mstaafu
Fundi, hiyo ni njia ya Fermat, mwanasheria wa Ufaransa wa karne ya 17. Wewe umeipata kwa tailizi. Nasimama nakupigia makofi kama wale wa 1903.

#57 Nyumbu_Mstaarabu
F yangu imeniuma leo kwa mara ya kwanza.

#58 BabaWawili
Fundi, kazi ni yako. Sebule yangu nimepima sasa hivi: sentimita 430 kwa 370. Nataka bila kukata hata moja, kama ulivyosema #11.

#59 Fundi_Tailizi
Bosi, 43 tasa, 37 tasa. KKS ni 10. Tailizi za sentimita 10 kwa sebule nzima ni 1,591, utadhani choo cha stendi. Tutakata tu.